Munkoyo wa Komunyo Yangu ya Kwanza

Mzizi wa munkoyo uliokauka hauna harufu mpaka upondwe. Ukiuona sokoni umefungwa mafungu mafungu, unafanana na vipande vya kamba kuukuu, wala huwezi kudhani kwamba ndani yake mna kitu kinachongoja. Lakini jiwe likiugonga mara mbili tatu na nyuzi zake zikaachana, hutoka harufu ya udongo mbichi iliyochanganyika na ubichi wa maganda ya maharage, na nyuma yake utamu mwembamba ambao pua huupata na kuupoteza papo hapo. Mwezi uliopita mwanamke mmoja alikuwa akiponda mizizi yake kando ya njia niipitayo kila siku nikienda kufundisha. Nilisimama. Sijui nilisimama kwa muda gani, najua tu kwamba aliinua uso akaniuliza, "Mama, unabeba ao unaangalia tu?" Sikununua. Nilimwomba radhi nikaenda zangu, na siku ile somo langu la vimeng'enya, ambalo kwa miaka mingi nimelifundisha bila karatasi mkononi, nililisoma neno kwa neno kutoka daftarini.

Waliolelewa Lubumbashi hawahitaji kuelezwa munkoyo. Kwa wengine nitasema kwa ufupi kwamba ni uji wa mahindi uliopikwa hadi kuiva kabisa, ukatolewa motoni, ukaachwa upoe kiasi, kisha ukatiwa mizizi hiyo iliyopondwa. Katika muda usiozidi misa fupi ya asubuhi, uji mzito ulioshika mwiko hulegea, huwa majimaji, na huwa mtamu ingawa hakuna aliyetia sukari. Kesho yake huanza kuchachuka kidogo, na hapo ndipo hunywewa. Utotoni sikuwahi kushangaa. Niliona uji ukigeuka kama nilivyoona asubuhi ikigeuka mchana, nikadhani ndiyo desturi ya uji.

Tulikaa mtaa wa Bel-Air, katika nyumba ya matofali mekundu, na aliyeitawala nyumba hiyo alikuwa nyanya yangu, mama mzazi wa baba. Sote tulimwita Nkambo. Alikuwa mjane wa mtu wa reli aliyeshuka kutoka kaskazini ya Katanga akiwa kijana, na alikuwa na rozari tatu: moja ya kanisani, moja ya kitandani, moja ya jikoni. Mimi nilipewa jina lake, kwa hiyo hakuniita mjukuu wala kwa jina lenyewe. Aliniita "Majina", kama wafanyavyo kwetu watu wanaochangia jina moja. Nilijivunia neno hilo kuliko nguo zangu zote.

Miezi miwili kabla ya komunyo yangu ya kwanza, alikuja kukaa nasi Tante Ngoie, mdogo wake mama. Alitoka Kilwa ya kwetu Katanga, kando ya ziwa, juu ya lori la samaki, na harufu ya samaki wakavu ilikaa katika mzigo wake kwa siku kadhaa. Mume wake alikuwa amefariki katika njia ileile, gari lilipopinduka kwenye matope ya masika. Baada ya mazishi, ndugu za marehemu walitaka aingie katika nyumba ya kaka yao mkubwa, ili, kama walivyosema, atolewe kifo. Alikataa. Alimwambia mama kwamba mwanamume yule alikuwa akimtazama namna mbaya hata mume wake alipokuwa hai, na kwamba angelala barabarani kuliko kulala kwake. Mama alimfungulia mlango. Baba hakukataa wala hakukubali, alisema tu, "Tutaona."

Mambo hayo yalizungumzwa mlango ukiwa umefungwa, nami niliyapata vipande vipande kupitia ukuta. Neno lililonikaa lilikuwa hilo la "kutolewa kifo". Nililielewa jinsi mtoto anavyoweza kulielewa: kifo ni kitu kinachogandama, kama mafuta ya mashine katika mikono ya baba arudipo kazini. Tante alipooga nyuma ya nyumba nilimchungulia mabega na mgongo nikitafuta pale kilipogandama. Sikuona kitu isipokuwa kovu dogo la chanjo. Nilihitimisha kwamba kiko mikononi, kwa sababu mikono ndiyo Nkambo aliyoikataza isiguse vyungu. Nkambo naye alikuwa mjane, lakini yeye alikuwa ametolewa kifo zamani.

Hata hivyo nilimpenda Tante upesi mno. Alikuwa na mzaha mwepesi, tena wa hatari, kwa kuwa hakuuficha hata mbele ya Nkambo. Mama mmoja wa mtaa wetu aliyekuwa na karakana ya kushona alikuwa amemwahidi kiti mbele ya cherehani mara tu baada ya sherehe, na kila jioni Tante alinionyesha pindo za kufanyia mazoezi, nyingine zimenyooka, nyingine zimepinda, akiziita kila moja kwa jina la mtu wa nyumbani. Iliyopinda zaidi ilikuwa ya baba. Kiti kile ndicho kilichokuwa tegemeo lake lote. Akikipata, angeweza kupanga chumba chake. Akikikosa, pasipo nyumba yetu, hakuwa na pa kwenda isipokuwa Kilwa.

Juma la komunyo lilipofika, mikono ya Nkambo ilikuwa imevimba vifundo, hawezi kuponda. Alimruhusu Tante aponde mizizi, ila kwa masharti.

"Ngoie, weye ponda tu. Kutia mu uji ni kazi yangu. Na bunga usiguse."

"Mama, hata bunga inaogopaka bajane?"

"Cheka tu. Kifo haichekake."

"Yangu ilikuwa inacheka sana, Mama. Siku ile gari ilipinduka bwana yangu alikuwa anachekesha bantu juu ya mizigo."

Nkambo aliigusa rozari yake ya jikoni. Leo naelewa kwamba hakuwa mwovu. Alikuwa amewazika watoto wanne, na mtu aliyezika watoto wanne huchunguza kila mlango ambao kifo kingeweza kupitia.

Namna ya kujua kwamba uji umepoa vya kutosha alikuwa amenifundisha yeye mwenyewe, nikiwa nimechuchumaa karibu na mbabula, jiko letu la makaa. Hatukuwa na kipimo cha joto, wala hakukihitaji. "Unatia kidole," aliniambia. "Unasema Salamu Maria moja, pole pole, kama kanisani. Kidole ikivumilia mpaka Amina, unatia munkoyo. Isipovumilia, unangojea, unaanza tena." Nimepata kupima, kwa udadisi wa kazi yangu, joto ambalo kidole changu huweza kulivumilia kwa urefu wa sala hiyo. Nkambo alikuwa sahihi. Sala ile ilikuwa saa, na kidole kilikuwa kipimo, na wanawake waliomfundisha waliviunganisha viwili hivyo kwa akili ambayo sijaipata katika vitabu vingi.

Lakini mimi nilikuwa katika katekisimu, na katika katekisimu tulifundishwa kwamba sala ndiyo itendayo kazi na kwamba maumivu hutolewa kuwa sadaka. Kwa hiyo nililielewa fundisho la Nkambo kinyumenyume. Nilifikiri Salamu Maria ndiyo inayobariki mizizi, na kidole kinachoungua ni kafara tu ya kuipa sala nguvu. Sikuona uhusiano wowote kati ya moto wa uji na kugeuka kwake.

Jumamosi, mkesha wa komunyo, tulikuwa tumeungama asubuhi. Uji ulipikwa tangu saa nne. Ulipoiva, Nkambo aliutoa motoni, kisha akakumbuka kwamba wanawake wa parokia walikuwa wakimngoja kupamba altare. Mama alikuwa sokoni. Nkambo aliniangalia kwa kitambo, akanishika kiganja, akakigeuza juu na chini.

"Majina, leo mukono yako iko safi kupita yetu yote. Weye njo utatia. Unajua namna."

"Ninajua, Nkambo."

"Usikimbilie."

Hakuna cheo ambacho nimepewa tangu siku ile kilichonijaza kama kile. Nilikaa mbele ya chungu. Tante alikuwa kibarazani akimalizia pindo la gauni langu jeupe. Mizizi aliyoponda ilikuwa kandoni mwangu ndani ya beseni. Nilitia kidole. Sikufika hata neno la pili. Nilikitoa nikakitia mdomoni, machozi yakinitoka, na nikaogopa sana, kwa maana nilidhani nimeshindwa jambo la kiroho. Basi nikafanya nilichoona kuwa ni bora zaidi. Kidole kikiwa mdomoni, nikasali moyoni Salamu Maria nzima bila kuruka neno. Kisha ya pili. Kisha ya tatu, kwa heshima ya Utatu Mtakatifu. Nilipofika Amina ya tatu nilimimina mizizi yote ndani ya uji uliokuwa bado unatoa mapovu pembeni, nikakoroga.

"Imepoa?" Tante aliuliza kutoka kibarazani.

"Imekubali, Tante."

"Mbona mwoshi ingali inatoka?"

"Nilisema tatu!"

Alicheka mpaka sindano ikamchoma. "Tatu! Basi hii munkoyo itafika mbinguni mbele yetu." Baadaye alipoona nzi wamezidi, alikuja akafunika chungu.

Nkambo alirudi jua likianza kulegea. Alifunua chungu, akatia mwiko, na mwiko ukasimama wima. Uji ulikuwa umeganda juu kama ngozi. Alichota, akaonja, akatema. Katika miaka yote ya kupika kwake, alisema, munkoyo ulipata kuchelewa, ulipata kuwa chungu, lakini haukupata kukataa.

"Nani aligusa?"

"Minye nilitia, Nkambo," nilisema.

"Ulisema Salamu Maria?"

"Tatu."

"Mpaka Amina?"

"Mpaka Amina."

Kila jibu lilikuwa kweli. Hakuuliza habari za kidole, kwa sababu kwake sala na kidole vilikuwa kitu kimoja. Hakuweza kuwaza kwamba mtu angevitenganisha. Mkono wangu wa kulia niliuficha nyuma. Kisha akamgeukia Tante.

"Na kifuniko?"

"Ni minye nilifunika, Mama. Nzi ilikuwa mingi."

Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa kuandika kwamba palikuwa na ugomvi, kwa sababu ugomvi huwa na mahali pa kushika. Mama alikuwa amerudi na vikapu vyake, akasema kwa sauti ndogo kwamba mizizi mingine ipo, itiwe, ionekane. Tante naye akadakia, "Ndiyo, Mama, tutie ingine. Uji sasa imepoa. Tuone." Nkambo akajibu, "Kutia muzuri juu ya mubaya?" Akachukua chungu mwenyewe, kwa mikono ile iliyovimba, akaenda kumwaga uji wote kwenye kichuguu nyuma ya nyumba.

Nimerudi mara nyingi kwenye kichuguu kile kwa fikra. Uji ulikuwa umepoa. Wanga wake ulikuwa mzima, haukuharibika hata chembe. Kama mtu mmoja angetia mizizi mipya, ungelegea mbele ya macho yetu kabla ya kengele ya jioni, na Tante Ngoie angelala nyumbani kwetu akiwa mtu safi. Jaribio lililohitajiwa lilipendekezwa, tena kwa maneno sahihi, na wanawake wawili wasiojua neno kimeng'enya. Lilikataliwa kwa hofu.

Kesho yake nilipokea komunyo nikiwa na gauni jeupe na lengelenge katika kidole. Wageni walinyweshwa soda. Baba alitabasamu siku nzima, na usiku akazungumza na mama. Mwenye karakana naye alikuwa amesikia, na kile kiti hakikutajwa tena. Jumanne asubuhi lori la Kilwa lilipita kumchukua Tante, aende akatolewe kifo kama desturi ilivyotaka. Alikuwa amefunga mzigo wake katika kitenge kimoja. Mlangoni alichuchumaa mbele yangu mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Niambie weye na minye tu. Ile uji ilikuwa ya moto?"

Kwa miaka mingi nilijiambia kwamba sikuelewa swali. Sivyo. Sikuelewa sababu ya swali, lakini swali lenyewe nililielewa. Nilijua tu kwamba nikikiri kuwa kidole hakikuvumilia, itaonekana nimemdanganya Nkambo, na nikiwa nimemdanganya Nkambo, basi nimepokea Mwili wa Bwana nikiwa na dhambi. Hiyo ndiyo hofu niliyoipima, kwa mizani ya miaka minane.

"Hapana, Tante. Ilikuwa imekubali."

Alinitazama, akanifuta vumbi shavuni, akapanda lori.

Nilijua maana ya jibu langu nikiwa na miaka ishirini na mmoja, katika maabara ya chuo, mbele ya mirija minne ya kioo. Kila mrija ulikuwa na uji mwepesi wa wanga. Miwili tuliiacha ilivyo, kwa kulinganisha, na katika miwili tulitia mate yetu wenyewe. Katika mmoja wa hiyo ya mate, mate yalikuwa yamechemshwa kwanza. Mwalimu alituambia tudondoshe iodini, ambayo hugeuka bluu nzito inapokutana na wanga. Mrija wa mate mabichi ulibaki na rangi ya chai: wanga umekwisha, umekatwakatwa kuwa sukari. Mrija wa mate yaliyochemshwa ukawa bluu kama wino, kana kwamba hakuna aliyetia kitu.

Mwalimu alieleza kwa utulivu. Wanga, alisema, ni mnyororo mrefu wa sukari zilizoshikana, na kwa kuwa umeshikana, ulimi hauonji utamu wake. Kimeng'enya ni protini iliyojikunja kwa umbo maalumu, lenye kijinafasi ambamo kiungo cha mnyororo huingia, hukatwa, kikaachiliwa, na kimeng'enya chenyewe hubaki kama kilivyokuwa, tayari kwa kiungo kinachofuata. Ndiyo maana mtu akitafuna bukari, ugali wetu, kwa muda mrefu, huanza kuwa mtamu mdomoni. Ndiyo maana pia seli hai huweza kufanya, katika joto la mwili tu, kazi ambazo bila vimeng'enya zingehitaji moto mkali au miaka mingi. Na kazi hizo zote kwa pamoja, kuvunja na kujenga bila kupumzika, ndizo tuitazo umetaboli, na ndizo zinazotenganisha kilicho hai na kisicho hai. Lakini umbo lile hushikiliwa na nguvu dhaifu sana. Joto likizidi, hukunjuka. "Na likishakunjuka hivyo," alisema, "kupoza hakulirudishi."

Mwenzangu aliuliza kama mimea nayo ina vitu vya namna hiyo. Mwalimu akacheka. "Wewe ni mtoto wa Katanga na hujui munkoyo?"

Niliandika matokeo katika daftari, kwa mwandiko mzuri. Kisha nilitoka nje nikashika ukuta.

Jumapili ile nilikwenda nyumbani nikiwa nimekata shauri kusema. Nkambo alikuwa bado hai, ameketi kwenye kiti chake, macho yamepata ukungu. Aliupapasa uso wangu.

"Majina, banakufundisha nini kule?"

"Namna mwili inageuza bukari kuwa sukari, Nkambo."

"Hiyo hata minye ninaijua. Unatafuna, inakuwa tamu. Mungu alipanga." Akacheka, akawaambia waliokuwepo, "Munaona? Jina yangu inasoma université."

Nikanyamaza. Niliona kwamba kusema kungekuwa kumwambia kuwa alimfukuza mtu bila sababu, na kwamba mkono aliousifu kuwa safi ndio uliofanya. Nilijiambia nitangoja siku nyingine. Alipofariki, nilijiambia kwamba si heshima kumshitaki marehemu. Baba alipofariki, nilijiambia kwamba hakuna tena wa kuambiwa. Kila mwaka ulikuwa na hoja yake, na kila hoja, ukiitazama peke yake, ilisimama. Nimefunzwa kutilia shaka mfululizo wa hoja ambazo zote huelekea palepale mtafiti anapotamani. Hizi sikuzitilia shaka.

Na Tante hakuwa mbali. Alikuwa amekaa Kilwa miaka tisa katika nyumba ya mwanamume yule, kaka wa marehemu mume wake. Mwanamume huyo alipofariki, Tante alirudi Lubumbashi peke yake akapanga Naviundu, karibu na mto. Nilimwona kwenye matanga ya jamaa. Alikaa pembeni, kwa sababu hadithi ya munkoyo uliokataa ilikuwa imemtangulia kila mahali; hakupewa chungu kukoroga wala mboga kuchambua, na sahani yake ilioshwa peke yake. Nilimsalimu kwa heshima zote. Kisha nilirudi kukaa na wenye kuheshimiwa.

Siku tatu baada ya kusimama mbele ya mwanamke yule wa mizizi, nilikwenda Naviundu. Tante alikuwa mbele ya nyumba yake akipanga samaki wakavu wa kuuza juu ya meza. Aliniona toka mbali.

"Eh! Mwalimu mukubwa! Nani amekufa?"

"Hakuna mwenye amekufa, Tante."

"Basi karibu. Weye kuya kwangu bila kifo, ni mara ya kwanza."

Nilisema nikiwa nimesimama. Nilimwambia habari za kidole, za sala tatu nilizosali kidole kikiwa mdomoni, za mapovu pembeni mwa chungu. Nilimwambia kwa lugha yetu kwamba mizizi ina kitu ndani, ambacho hukata uji pole pole, na kwamba moto ukipita kiasi, kitu hicho hufa. "Minye njo nilikiua, Tante. Haikuwa mukono yako. Haikuwa kifo ya mutu yeyote." Hakuacha kupanga samaki.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua?"

"Mwoshi nilikuwa ninaiona. Na kidole yako ulikuwa unaificha mu robe ya komunyo. Sikusoma, lakini siko kipofu."

"Mbona haukusema?"

"Niseme nini? Hii muji unaijua. Ningesema ni mutoto, kesho bangesema mutoto njo muloji, aliloga uji. Minye nilikuwa na fasi ya kwenda, hata kama ni fasi mubaya. Weye, na myaka munane, ungeenda wapi?"

Alimgeuza samaki mmoja, akamnusa, akamweka kando.

"Na hii mambo ya moto na mizizi, ulijua siku gani?"

"Ku université. Nilikuwa na myaka makumi mbili na moja."

"Nkambo yako alikuwa angali muzima."

"Ndiyo, Tante."

"Na baba yako."

"Ndiyo."

"Leo uko na ngapi?"

"Makumi ine na tatu."

Alihesabu, midomo ikimcheza. Kisha alifuta mikono yake kwenye kitenge, akavuta kigoda kutoka chini ya meza, akakiweka mbele yangu.

"Ule mutoto wa myaka munane, nilimusamehe palepale ku mulango. Hata hakuniomba. Lakini huyu mwingine, wa makumi mbili na moja, mwenye kusoma, mwenye kujua, huyu sijamusikia bado. Ikala. Aseme."

Niliketi. Nusu ya meza ilikuwa bado tupu, na aliendelea kupanga samaki wake mmoja mmoja, bila haraka, akinisubiri.